Hati za Kale na Mwanzo wa Ukristo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara: kwenye mihadhara ya dini, kwenye madarasa ya Biblia, na kwenye makundi ya simu pale mtu anaposambaza picha ya karatasi iliyochakaa na kudai kwamba imeuthibitisha Ukristo wote au imeubomoa wote. Majibu yameandikwa kwa Mkristo, kwa Mwislamu na kwa asiye na dini, kwa kuwa hati ya kale haibagui msomaji wake. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nimemwelekeza msomaji huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Je, zipo hati walizoandika Marko, Yohana au Paulo kwa mikono yao wenyewe?

Hapana. Hakuna hata ukurasa mmoja unaojulikana. Tulizo nazo ni nakala, na nakala za nakala. Hata barua za Paulo hazikuandikwa zote kwa mkono wake: katika Warumi 16:22 mwandishi aitwaye Tertio anajitaja na kuwasalimu wasomaji, na katika 1 Wakorintho 16:21 Paulo anaeleza kwamba salamu ile ya mwisho tu ndiyo aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Hali hii si ya Ukristo peke yake. Karibu kila kitabu cha kale cha Kigiriki na Kilatini kimetufikia kwa njia hiyohiyo, na anayezifahamu tenzi za pwani yetu zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu anajua kwamba utungo unaweza kuwa mkongwe kuliko nakala iliyobaki mkononi. Kukosekana kwa hati asili si ushahidi kwamba hazikuwapo. Wala si jambo la kupuuzwa, kama swali la 8 linavyoonyesha.

2. Watu wanaposema hati fulani ni ya “karne ya pili”, wanamaanisha nini hasa?

Hapa ndipo mijadala mingi huharibikia, kwa sababu tarehe tatu tofauti huchanganywa kuwa moja. Ipo tarehe ya tukio, ipo tarehe ya utungo, na ipo tarehe ya nakala. Chukua Injili ya Marko. Yesu alisulubiwa karibu na mwaka 30. Wasomi wengi huweka utungo wa Injili hiyo karibu na mwaka 70. Na kipande chake cha zamani mno kinachojulikana, kiitwacho P137 (herufi P ni ya papirasi, karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa mafunjo), kimekadiriwa kuwa cha mwisho wa karne ya pili au mwanzo wa karne ya tatu. Anayesema “Marko iliandikwa karne ya tatu kwa sababu hati yake ni ya karne ya tatu” amekosea. Anayesema “Marko ni ya karne ya kwanza, kwa hiyo tunayo hati ya karne ya kwanza” amekosea vilevile.

Kila unaposikia tarehe, uliza kwanza ni tarehe ya kitu gani.

3. Kipande cha kale zaidi cha Agano Jipya ni kipi?

Kinachotajwa zaidi ni P52, kilichohifadhiwa katika maktaba ya John Rylands mjini Manchester. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920 pamoja na mabaki mengine, kikakaa bila kutambuliwa hadi msomi C. H. Roberts alipokichapisha mwaka 1935.

Inafaa kukitazama kwa karibu, kwa sababu sifa zake zimekikuza kuliko umbo lake. Ni kipande cha papirasi chenye urefu wa sentimita 9 hivi na upana wa sentimita 6, kinachoenea kwenye kiganja. Kila upande una mabaki ya mistari saba, na hakuna mstari hata mmoja uliokamilika. Upande mmoja una maneno ya Yohana 18:31–33, Wayahudi wakimwambia Pilato kwamba wao hawana ruhusa ya kuua mtu. Upande wa pili una sehemu ya 18:37–38, ambapo Yesu anasema amekuja ulimwenguni ili aishuhudie kweli. Kwa kuwa kimeandikwa pande zote mbili, tunajua hakikutoka kwenye gombo la kukunjwa bali kwenye kodeksi, yaani kitabu chenye kurasa za kufunua, umbo ambalo Wakristo walilipenda mapema.

Roberts alikiweka katika nusu ya kwanza ya karne ya pili. Tarehe hiyo ilisambaa sana, na wahubiri wengine wakaibana hadi “mwaka 125”, kana kwamba imeandikwa pembeni mwa kipande chenyewe. Mwaka 2005 msomi Brent Nongbri alionyesha kwamba miandiko inayofanana nacho inapatikana pia mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa ya tatu, kwa hiyo haifai kukitegemea kuamua lini Yohana ilitungwa. Kwa maoni yangu hoja hiyo imesimama, na anayetaka kutetea ukale wa Yohana afanye hivyo kwa ushahidi mwingine.

4. Basi tarehe za hati hupatikanaje?

Kwa sehemu kubwa, kwa kulinganisha mwandiko. Barua za biashara, mikataba na stakabadhi za kodi kutoka Misri mara nyingi zina tarehe, kwa hiyo mtaalamu hulinganisha umbo la herufi za hati isiyo na tarehe na zile zenye tarehe. Shida ni kwamba mtu aliyejifunza kuandika akiwa kijana huweza kuandika vilevile miaka 40 baadaye, na mtindo hauondoki siku moja. Makadirio ya uaminifu huwa mapana, ya miaka 50 hadi 100 au zaidi.

Kipimo cha kaboni-14 husaidia, lakini huhitaji kukata sehemu ya hati, na hupima umri wa papirasi au ngozi tu. Wino uliowekwa juu yake waweza kuwa wa juzi. Swali la 14 lina mfano.

5. Kwa nini hati nyingi za mwanzo zimetoka Misri?

Kwa sababu ya ukame. Papirasi huoza penye unyevu, na mchanga wa Misri huihifadhi. Majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus, yaliyofukuliwa kuanzia mwaka 1896, yametoa maelfu ya vipande. Matokeo yake ni kwamba tunaijua Misri vizuri kuliko Antiokia, Efeso au Roma, ambako huenda vitabu hivi vilisomwa mapema zaidi.

## Nakala na tofauti zake

6. Kodeksi ya Sinai na Kodeksi ya Vatikani zina uzito gani?

Hizi ni kodeksi mbili kubwa za ngozi, za karne ya nne, kwa Kigiriki. Ya Sinai ina Agano Jipya zima, na baada ya Ufunuo inaendelea na Waraka wa Barnaba na sehemu ya Mchungaji wa Hermas, jambo linaloonyesha kwamba mipaka ya orodha ya vitabu ilikuwa haijakazwa kila mahali. Ya Vatikani imepoteza kurasa za mwisho, inakatika katikati ya Waraka kwa Waebrania.

Habari ya Kodeksi ya Sinai ina jeraha ambalo halijapona. Constantin von Tischendorf, msomi Mjerumani, alichukua karatasi 43 kutoka monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai mwaka 1844, na mwaka 1859 akaondoka na sehemu kubwa iliyobaki, baada ya kuandika barua ya kuahidi kuirudisha. Ilifika Urusi, na mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ikaiuza Uingereza kwa pauni 100,000. Leo imegawanyika sehemu nne: London, Leipzig, St Petersburg, na monasterini kwenyewe, ambako mabaki mengine yaligunduliwa mwaka 1975. Ukitumia hati hii kama ushahidi, ni haki kukumbuka pia nyumba iliyoitunza kwa karne nyingi.

7. Ni kweli kwamba hati hizi zina tofauti laki kadhaa?

Ni kweli. Mwaka 1707 msomi Mwingereza John Mill alichapisha toleo la Agano Jipya la Kigiriki lenye tofauti zipatazo 30,000, akitumia hati zisizozidi mia moja hivi. Leo hati za Kigiriki zinazojulikana ni zaidi ya 5,000, na tofauti zimeongezeka kwa sababu hati zinazolinganishwa zimeongezeka. Nyingi mno ni za tahajia, mpangilio wa maneno, au jicho la mnakili lililoruka mstari. Chache hugusa maana, na chache zaidi hugusa jambo ambalo watu wangegombania.

Mfano mmoja naupenda kuliko yote. Katika Kodeksi ya Vatikani, Waebrania 1:3, mnakili wa kwanza aliandika neno la Kigiriki lenye maana ya “akidhihirisha vyote” mahali ambapo hati nyingine zina “akivichukua vyote”, kama Biblia ya Kiswahili isemavyo. Msahihishaji akarekebisha. Karne nyingi baadaye msomaji mwingine akafuta masahihisho, akarudisha neno la kwanza, na akaandika pembeni kwa hasira: mpumbavu wewe, mwovu wewe, liache neno la zamani, usilibadilishe! Aliyekemea alikuwa na bidii ya kulinda maandishi, na wasomi wengi leo wanaamini kwamba aliyekemewa ndiye aliyekuwa sahihi. Wanakili hawakuwa mashine, wala hawakuwa genge la wadanganyifu. Walikuwa watu waliojali.

8. Je, ni kweli kuna vifungu vilivyoongezwa baadaye?

Ndiyo, na huhitaji kwenda Roma kuthibitisha: fungua Biblia ya Kiswahili ya Toleo la Muungano katika 1 Yohana 5:7–8, uangalie mabano. Maneno kuhusu mashahidi watatu mbinguni, “Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu”, hayamo katika hati za kale za Kigiriki. Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika matoleo yake ya mwaka 1516 na 1519. Aliyaingiza mwaka 1522 baada ya kuonyeshwa hati ya Kigiriki iliyokuwa nayo, hati ambayo yenyewe ni ya karne ya 16. Maneno hayo yalikuwa yametokea upande wa Kilatini.

Vifungu viwili virefu vina hali inayokaribiana na hiyo. Marko 16:9–20 haimo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikani, ambamo Injili inakoma kwenye hofu ya wanawake kaburini. Habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53–8:11, haimo katika nakala za mwanzo za Yohana, zikiwamo P66 na P75. Kwamba kisa hicho hakikuwamo tangu mwanzo katika Yohana hakumaanishi kwamba hakikusimuliwa zamani. Hayo ni mambo mawili.

9. Kama hivyo viliongezwa na tukavigundua, tutajuaje kwamba vingine havikuongezwa kabla ya nakala za kwanza tulizo nazo?

Hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye ukurasa huu, na linastahili jibu lisilokwepa. Kwa miaka mia moja hivi ya kwanza, hati karibu hazitusaidii. Nyongeza iliyofanywa mapema kabisa ingeingia katika nakala zote bila kuacha alama. Wasomi wengi, kwa mfano, huiona sura ya 21 ya Yohana kuwa nyongeza kwa sababu sura ya 20 inafunga kitabu kama mtu afungavyo barua. Lakini nakala za kale zinazofika mwisho wa Injili hiyo zinayo. Hoja hapo inatoka kwenye mtindo wa maandishi, si kwenye hati.

Upande wa pili nao una nguvu. Maandishi haya hayakuwa chini ya ofisi moja. Yalinakiliwa Misri, Siria, Roma na Afrika Kaskazini, yakatafsiriwa kwa Kilatini, Kisiria na Kikopti, na kunukuliwa na watu ambao hawakuelewana. Badiliko kubwa lililofanywa baada ya kusambaa lingeacha mahali fulani nakala isiyokuwa nalo, kama ilivyotokea kwa vifungu vya swali la 8. Kwa hiyo uwanja wa ubishi wa kweli ni ile miaka ya mwanzo kabla ya kusambaa, na hapo pande zote mbili zinapaswa kupunguza sauti.

## Nje ya Agano Jipya

10. Je, Josephus na Tacitus wanathibitisha kwamba Yesu aliishi?

Josephus, Myahudi aliyeandika karibu na mwaka 93, anamtaja Yesu mara mbili. Penye kitabu cha 20 cha historia yake ya Wayahudi anataja kuuawa kwa Yakobo, “ndugu wa Yesu aitwaye Kristo”, na wasomi wengi hukubali maneno hayo. Penye kitabu cha 18 pana kifungu kirefu kisemacho “huyu alikuwa Kristo”, na hapo mkono wa Mkristo unaonekana wazi, kwa kuwa Origen, mwandishi wa Kikristo wa karne ya tatu, alisema Josephus hakumwamini Yesu kuwa Kristo. Rai iliyoenea ni kwamba Josephus aliandika jambo fulani fupi, na mnakili akaliongezea. Wapo wanaosema kifungu chote ni cha kupandikizwa.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, alipokuwa akieleza moto wa Roma. Hati inayobeba sehemu hiyo ni ya karne ya 11, iliyoko Florence, na ndani yake jina la wafuasi liliandikwa kwanza kwa herufi e, “Chrestianos”, kisha likasahihishwa kuwa i. Wanahistoria karibu wote, waamini na wasioamini, wanakubali kwamba Yesu aliishi na akasulubiwa.

11. Magombo ya Bahari ya Chumvi yanasema nini kuhusu Yesu?

Hayasemi kitu. Yalipatikana katika mapango 11 huko Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kati ya mwaka 1947 na 1956, nayo ni maandishi ya Kiyahudi. Thamani yake kwa suala letu ni kwamba yanaonyesha mazingira ya fikra ambamo Ukristo ulizaliwa. Mwaka 1972 msomi José O'Callaghan alidai kwamba kipande kiitwacho 7Q5, kutoka pango la 7, ni Marko 6:52–53. Kipande hicho kina neno moja tu lililo kamili, nalo ni “na”. Wataalamu wengi hawakukubali.

12. Je, Injili ya Tomaso na ya Yuda zilifichwa na Kanisa?

Injili ya Tomaso kwa Kikopti ilipatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, na vipande vyake vya Kigiriki vilikuwa vimeshapatikana Oxyrhynchus. Ni mkusanyiko wa semi 114 bila simulizi ya kifo wala ufufuo, na wasomi wanabishana kama baadhi ya semi zake ni za kale sawa na za Injili nne. Injili ya Yuda, iliyochapishwa mwaka 2006, ni ya mlengo mwingine kabisa. Askofu Irenaeus alitaja kitabu cha jina hilo karibu na mwaka 180 na kukikataa. Kukataliwa hadharani si kufichwa. Zinatufundisha mengi kuhusu Wakristo wa karne ya pili, na machache kuhusu Yesu mwenyewe.

13. Na Injili ya Barnaba?

Hii hutajwa sana katika mihadhara ya Afrika Mashariki, kwa hiyo inahitaji maelezo kamili. Kwanza, isichanganywe na Waraka wa Barnaba uliomo katika Kodeksi ya Sinai (swali la 6). Ni maandishi mawili yasiyohusiana.

Injili ya Barnaba inajulikana kwa hati ya Kiitaliano iliyoko Vienna, ya mwisho wa karne ya 16 hivi, na kwa nakala ya Kihispania ya karne ya 18 iliyoko Sydney. Ilienea baada ya tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1907. Hakuna hati ya kale ya Kigiriki, Kikopti wala Kisiria. Ndani yake Yesu anapanda chombo kwenda Nazareti, mji ulio vilimani mbali na ziwa. Inataja yubile ya kila miaka mia, ilhali Torati inasema kila baada ya miaka 50; yubile ya miaka mia ilitangazwa na Papa Boniface VIII mwaka 1300, kisha ikapunguzwa kuwa 50 mwaka 1343.

Kwa msomaji Mwislamu naongeza jambo moja kwa heshima: kitabu hiki kinamfanya Yesu akane kuwa Masihi, wakati Qurani yenyewe inamwita Masihi Isa bin Maryamu. Mwislamu hakihitaji kutetea imani yake, na anayekitumia mbele ya mtu anayekijua ataonekana dhaifu kwa jambo ambalo si udhaifu wa dini yake.

## Maswali ya pembeni

14. Hati bandia hutambuliwaje?

Mwaka 2012 mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza kipande cha Kikopti ambamo Yesu anasema “mke wangu”. Papirasi yenyewe ilipimwa ikaonekana ni ya kale kweli. Lakini wachunguzi wakagundua kwamba maneno yalikuwa yameunganishwa kutoka Injili ya Tomaso, pamoja na kosa la chapa lililokuwa katika toleo moja la mtandaoni. Mwaka 2016 mwandishi wa habari alifuatilia kilikotoka, na mwanahistoria huyo akakubali kwamba ushahidi unaelekea kwenye kughushi. Mwaka 2020 jumba la makumbusho la Biblia mjini Washington lilitangaza kwamba vipande vyake vyote 16 vilivyodaiwa kuwa vya Bahari ya Chumvi ni bandia.

Matukio yote mawili yana ugonjwa mmoja: vipande vilivyopita soko la watu binafsi bila historia inayoeleweka ya mahali vilipochimbwa. Uliza kimetoka wapi kabla ya kuuliza kinasema nini.

15. Ile “Marko ya karne ya kwanza” iliishia wapi?

Ni kipande cha Injili ya Marko kilichodaiwa kuwa cha karne ya kwanza. Ilitangazwa mwaka 2012 katika mdahalo wa hadhara, kabla ya kuchapishwa. Ilipochapishwa mwaka 2018 ilikuwa ni P137, iliyotajwa katika swali la 2. Ni kipande chenye thamani kubwa kwa umri wake halisi. Walioinukuu kwa miaka sita kama ushahidi uliokamilika ndio walioumia.

16. Je, Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ndio uliochagua vitabu?

Hapana. Mkutano huo wa maaskofu ulishughulikia mafundisho ya Ario, padre aliyekana kwamba Mwana ni wa milele sawa na Baba, tarehe ya Pasaka na mambo ya nidhamu. Orodha ya vitabu 27 kama tunavyovijua inaonekana katika barua ya Athanasius, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, lakini barua za Paulo zilikuwa zimefungwa pamoja zamani: P46, ya karibu mwaka 200, inazo nyingi kati yake.

17. Je, hati zinaweza kuthibitisha au kukanusha ufufuo?

Hati inaweza kuonyesha watu walisema nini na mapema kiasi gani. Katika 1 Wakorintho 15:3–7, barua ya miaka ya 50 ambayo karibu wasomi wote huikubali kuwa ya Paulo, anasema anapitisha yale aliyopokea yeye mwenyewe: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akawatokea Kefa na wengine. Kwa hiyo imani ya ufufuo haikuzuka karne za baadaye. Kama imani hiyo inaeleza tukio lililotokea kweli, hapo mwenye kujibu si mtaalamu wa papirasi.

18. Je, Afrika kusini ya Misri ina hati zozote za mwanzo?

Ipo hazina. Injili za Garima, kwa Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, zimetunzwa katika monasteri ya Abba Garima karibu na Adwa, Ethiopia. Zamani zilidhaniwa kuwa za karne ya 11 hivi, lakini kipimo cha kaboni kimeweka moja kati ya mwaka 390 na 570. Ni miongoni mwa vitabu vya Injili vyenye michoro vya kale zaidi duniani, nazo bado ziko mikononi mwa watawa wake. Inasikitisha kwamba hutajwa mara chache katika mijadala yetu kuliko kipande kidogo cha Manchester.

19. Naweza kuziona wapi bila kusafiri?

Kodeksi ya Sinai imewekwa yote mtandaoni tangu mwaka 2009, sehemu zake nne zikiwa zimeunganishwa tena kwa picha. Maktaba ya Vatikani imeweka kodeksi yake pia. Huhitaji kujua Kigiriki ili kuanza. Tafuta katika Kodeksi ya Vatikani ukurasa ambapo Marko inaisha: utaona mstari wa mwisho wa 16:8, jina la Injili likiandikwa chini yake, kisha safu nzima iliyoachwa tupu kabla ya Luka kuanza ukurasa unaofuata. Wasomi bado wanabishana kwa nini mnakili aliiacha hivyo.